Marley Marl, snea moja na sebule ya Queensbridge

Kanda yangu ya kwanza ya LL Cool J ilikuwa ya kudurufu. Niliichukua kwenye kibanda cha kurekodia kanda pale Kariakoo, kaseti ya dakika 90, na mwenye kibanda akaiandika kwa kalamu ya bluu kama alivyosikia: "Eleli Kulijei". Upande wa pili ulipobaki na nafasi akanijazia rumba, bure, kama muuza nyanya anavyokuongezea moja juu ya fungu. Kwa miaka kadhaa nilizijua nyimbo zile mstari kwa mstari bila kujua nani alizitengenezea midundo. Kaseti haikuwa na karatasi, na hata ingekuwa nayo sidhani kama ningeisoma. Rapa ndiye aliyekuwa mtu. Biti ilikuwa kama umeme: huulizi unatoka wapi mpaka ukatike.

Albamu ile ni Mama Said Knock You Out ya 1990, na prodyuza wake ni Marley Marl. Wanaomjua humtaja kwa sentensi moja: ndiye aliyegundua kusampo ngoma, yaani kuzinasa kutoka kwenye santuri na kuzitumia upya. Wakishasema hivyo wanaendelea na mambo mengine. Mimi nadhani sentensi hiyo ni ya kweli lakini ni fupi mno, na ndani ya ufupi wake yamefichwa maswali mawili yanayonisumbua kila nikisikiliza rap ya miaka ile: sauti ni mali ya nani, na nani anashika ufunguo wa mlango.

Jina lake halisi ni Marlon Williams, kazaliwa 1962, kakulia Queensbridge, jijini New York. Queensbridge ni nyumba za umma, majengo 96 ya matofali yenye makazi zaidi ya 3,000, yamejipanga kando ya Mto East chini ya daraja la Queensboro, huku maghorofa ya Manhattan yakionekana ng'ambo. Hakuna mradi wa nyumba za umma unaoufikia kwa ukubwa Marekani nzima. Kijana wa pale alianza kama DJ, kisha akapata nafasi ya kujifunza kazi katika studio ya Unique, ambako prodyuza Arthur Baker alikuwa akipika muziki wa dansi kwa sinthesaiza na mashine za ngoma. Huko Marl alikuwa kijana wa kutumwa, wa kuangalia na kunyamaza. Mwaka 1983 alikwishatoa wimbo, Sucker DJs wa rapa Dimples D, uliowajibu kundi la Run-DMC, lakini ngoma zake bado zilikuwa za mashine kama za watu wote.

Kumbuka rap ilivyokuwa ikisikika kwenye santuri wakati huo. Mwaka 1979, Rapper's Delight iliporekodiwa, waliletwa wanamuziki wakapiga upya mdundo wa kundi la disko la Chic kwa vyombo. Baadaye zikaja mashine: Roland TR-808, Oberheim DMX. Zilikuwa safi, zenye nidhamu, na zote zilifanana. Kumbe rap yenyewe ilizaliwa kwenye vumbi la santuri! Kuanzia sherehe ya DJ Kool Herc ya Agosti 1973 kule Bronx, utamu ulikuwa ni kile kipande ambacho waimbaji wananyamaza na mpiga ngoma anabaki peke yake, nacho DJ anakirudia na kukirudia. Studio ilipoingia, vumbi lile likafutwa. Watoto waliocheza kwa ngoma za James Brown uwanjani walikuwa wanauziwa dukani rap yenye ngoma za kompyuta.

Hapo ndipo penye kisa ambacho Marl mwenyewe amekisimulia mara nyingi. Alikuwa studio na rapa Captain Rock, na alitaka kunasa sauti ya mtu kutoka kwenye santuri kwa kutumia Emulator, sampla (mashine ya kunasa sauti) ya kampuni ya E-mu. Akakosea mahali pa kukata. Badala ya sauti ya mtu ikaingia snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali. Alipoigonga, snea ile ya santuri ya zamani ikalia juu ya ngoma za mashine, na za mashine zikaonekana kama makopo.

Wengi hukiita kisa hiki ajali, na neno hilo naona linampunja. Snea zilinaswa kwa bahati mbaya na mafundi wengi tu, wakafuta wakaanza upya, maana ndiyo kazi ya fundi. Sampla nazo hazikuwa ngeni. Kwenye Planet Rock ya 1982, wimbo uliopitia mikononi mwa huyohuyo Arthur Baker, mshindo wa okestra unaoruka kila mara ulitoka kwenye Fairlight, mashine ya bei ya nyumba. Waliokuwa na vyombo hivyo walivitumia kama pambo. Marl alisikia kitu kingine: kwamba santuri zote alizonazo ndani ni ghala la ngoma, na kila ngoma inaweza kutoka peke yake.

Tofauti hiyo inahitaji kuelezwa taratibu, maana hata wapenzi wa rap huichanganya. DJ anayerudia kipande cha santuri ni kama mtu anayepakua pilau: anachota wali, nyama na bizari kwa pamoja, jinsi mpishi alivyopika. Anaweza kuchota mara mia, pilau ni ileile. Marl alipata njia ya kuchomoa kipande cha nyama peke yake akakiungia mchuzi wake. Kiki, ngoma nzito ya kupigwa kwa mguu, inakaa kwenye kitufe kimoja, snea kingine, hai-hati, vile visahani viwili vinavyogongana, kingine. Kisha anaunda mdundo ambao mpiga ngoma wa kwenye santuri hakuupiga kamwe, lakini uzito wa mguu wake, chumba alichopigia na hata mkwaruzo wa sindano vyote vimo.

Na aliifanya kwa vyombo vya mtu asiye na hela. Emulator haikuwa ya kuweka nyumbani kwa kijana wa Queensbridge. Alitafuta Korg SDD-2000, vifaa ambavyo kazi yake hasa ilikuwa kutoa mwangwi, ila viliweza kushika sauti fupi na kuirudisha vikiamriwa. Kimoja akakipa kiki, kingine snea, kingine tena ngoma nyingine. Halafu akaunganisha waya kutoka kwenye 808. Mashine ya ngoma ikawa haipigi tena ngoma zake, inatoa amri tu, na kila amri inaamsha ngoma ya santuri. Fundi wa redio wa mtaani kwetu angeuelewa mtambo huo kwa dakika tano na kuupenda.

Sikiliza The Bridge ya MC Shan, rapa wa Queensbridge, iliyosambaa 1986. Ngoma zimetoka kwenye Impeach the President ya Honey Drippers, santuri ya 1973 iliyomtaka Rais Nixon aondolewe. Mwanzo wa santuri ile ngoma ziko wazi kabisa: kiki nzito, snea kavu kama kofi, na hai-hati inayofunguka kidogo, "tssi", kisha inafungwa. Marl hakuichukua ile "tssi" ikae palepale ilipokuwa. Alizivunja akazijenga upya, polepole, akaacha nafasi kubwa katikati, na juu yake akaweka mlio kama wa tarumbeta uliopinda. Kuna biti nyingi nzuri kuliko hiyo. Lakini ukiisikiliza baada ya nyimbo za 1983 unahisi mtu kafungua dirisha la chumba kilichokuwa na harufu ya plastiki.

Kazi nyingi alizifanyia nyumbani, Queensbridge. Mwaka 1984 msichana wa miaka 14 wa mtaa huohuo, Roxanne Shanté, aliingia pale akachana Roxanne's Revenge kuwajibu UTFO, kundi lililokuwa na wimbo kuhusu msichana Roxanne aliyewakataa. UTFO walikuwa wamewakacha Marl na wenzake kwenye shoo waliyoiandaa, kwa hiyo dongo lilikuwa na sababu mbili. Nyimbo za kujibizana zilizofuata zilifika makumi. Wakaja Akina Roxanne wa kila namna, na ndugu wa Roxanne, na wazazi wa Roxanne. Tuliokulia kwenye taarabu hatukuhitaji kuelezwa mchezo huo.

Sebule hiyohiyo ndiyo iliyompokea Rakim, kijana mtulivu kutoka Wyandanch, Long Island, akiwa na DJ Eric B. Ilikuwa 1986. Wakati huo rapa alipaswa kupaza sauti kama anayeita daladala. Rakim alikaa kwenye kochi akachana kwa sauti ya mtu anayeongea na jirani. Marl na MC Shan walimwomba aongeze nguvu, akaendelea vilevile. Wimbo ni Eric B. Is President, na namna ile ya kuchana bila kelele imewazaa marapa wengi kuliko tunavyoweza kuwahesabu. Napenda kisa hiki kwa sababu kinamwonyesha Marl akikosea. Sikio lililosikia snea kabla ya watu wote halikumsikia Rakim siku ya kwanza. Ila hakuzima mashine.

Kwenye santuri, sifa ya utayarishaji haikwenda kwa mwenye sebule. Marl aliandikwa kama mchanganya sauti. Yeye amesema kwa miaka mingi kwamba biti ni yake, Eric B. ameshikilia kwamba muziki aliuleta yeye, ukiwemo mstari wa besi uliochukuliwa kutoka Over Like a Fat Rat ya Fonda Rae, na Marl alilipwa kwa kazi ya ufundi. Sitaamua ugomvi wa watu waliokuwa chumbani. Nitasema hivi tu: ukizisikiliza ngoma zile karibu na alizomfanyia Shan mwaka uleule, mkono unafanana. Na neno "prodyuza" lilikuwa halijapata maana moja. Je, ni mwenye wazo, mwenye santuri, mwenye mashine au mwenye vidole? Hapa Dar prodyuza alitatua swali hilo kwa kujitaja mwanzoni mwa wimbo, kabla rapa hajafungua mdomo. Wengine huona ni majivuno. Mimi nikikumbuka kochi la Queensbridge naona ni hati ya kiwanja.

Sasa redio, jambo ambalo sifa za Marl huliruka. Hakuwa tu prodyuza mwenye sikio. Alikuwa DJ wa Mr. Magic, mtangazaji wa Rap Attack kwenye WBLS, kipindi kilichoifikisha rap kwenye redio kubwa ya kibiashara New York. Meneja wao, Tyrone Williams, maarufu kama Fly Ty, aliongoza lebo ya Cold Chillin'. Wasanii wao, Juice Crew, walipata jina kutokana na lakabu ya Magic mwenyewe. Yaani biti inatengenezwa na mtu yule anayesimama nyuma ya santuri redioni, chini ya mtangazaji anayeamua kipi kizuri, na lebo ni ya rafiki yao. Kwa lugha ya leo tungesema mgongano wa maslahi. Kwa lugha ya mtaani: mpishi, mwonjaji na mwenye hoteli ni watu wa nyumba moja.

Simsemi vibaya. Muziki mwingine ungekufa bila mlango huo, kwa kuwa stesheni nyingi hazikutaka hata kuisikia rap mchana. Lakini mlango ukiwa wako, unaowafungia nao wanakukumbuka. Inasimuliwa kwamba kijana mmoja wa Bronx, KRS-One, pamoja na mwenzake Scott La Rock, walimpelekea Magic wimbo wao wa mwanzo, naye akaudharau mbele yao. Wakarudi wakiwa kundi la Boogie Down Productions na wimbo South Bronx, kisha 1987 The Bridge Is Over, wakiwashambulia watu wa Queensbridge. Walidai MC Shan kasema hip-hop ilianzia Queensbridge. Ukiusikiliza wimbo wa Shan kwa haki, alikuwa akisimulia jinsi mambo yalivyoanza mtaani kwao, si duniani. KRS-One alijua, nadhani. Alihitaji lango la kugonga, na hilo lilikuwa kubwa kuliko yote.

Kilichonifurahisha nilipoanza kuzisikiliza biti badala ya maneno ni kwamba South Bronx imejengwa kwa mbinu ya adui. Waliisuka kwa msaada wa Ced Gee wa Ultramagnetic MC's, aliyekuwa na sampla ya SP-12, wakikatakata vipande vya James Brown na kuvipanga upya. Silaha iliyobuniwa Queensbridge iliimaliza Queensbridge. Na aliyewapigia nyimbo hizo ni Kool DJ Red Alert, kwenye KISS, stesheni shindani. Bifu lile linakumbukwa kama la Shan na KRS-One, ila chini yake lilikuwa la milango miwili ya redio.

Shan hakuinuka tena sawasawa. Marl akaendelea kana kwamba hajaguswa, na 1988 ndio mwaka wake. Kwa miezi kumi na miwili tu alitengeneza albamu tatu: Goin' Off ya Biz Markie, Long Live the Kane ya Big Daddy Kane na In Control, Volume 1 yake mwenyewe. Road to the Riches ya Kool G Rap na DJ Polo ikafuata 1989. Marapa hao watatu hawafanani hata kidogo. Biz ni mchekeshaji, Kane ni bwana harusi mwenye panga, G Rap anasimulia uhalifu kwa vina vinavyokimbizana. Prodyuza dhaifu angewavisha wote shati moja. Marl aliwashonea kila mtu lake, na hapo ndipo ninapompa alama za juu kuliko hata kwa ile snea.

Kwenye In Control umo The Symphony, wimbo wa marapa wanne juu ya kinanda cha Otis Redding kutoka Hard to Handle. Siku hiyo walikuwa wametoka kupiga picha ya jalada la albamu. Masta Ace hakuwa kwenye mpango, alikuwepo tu. Kila mmoja akamsukumia mwenzake kuanza, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza mbele ya Kane, basi mgeni akaenda kwenye maiki. Wakamfuata Craig G, Kool G Rap na Kane. Hakuna kiitikio cha maana. Ni zamu tu, kama bao linavyopokezana wachezaji barazani. Kila kolabo ya marapa watano sita uliyowahi kuisikia, iwe ya New York au ya Dar, ina deni kwa alasiri ile.

Halafu akaja LL. Walking with a Panther ya 1989 ilimletea kelele za mashabiki waliomwona kalainika. Marl akautengeneza upya Jingling Baby, ukapendwa, wakaendelea mpaka ikawa albamu nzima, ile ya kaseti yangu. Wimbo uliobeba jina la albamu ulimpa LL tuzo ya Grammy mwaka 1992. Baada ya hapo Marl alikuwa na kundi la Lords of the Underground, akishirikiana na prodyuza K-Def, na Chief Rocka ya 1993 bado inachangamsha ukumbi; lakini enzi ilikuwa imehamia kwa wengine. Mmoja wao ni Pete Rock, kijana aliyekuwa akipiga naye santuri kwenye kipindi chake cha WBLS. Nas na Havoc wa kundi la Mobb Deep, watoto wa majengo yaleyale, waliibeba Queensbridge bila kumhitaji awatengenezee biti.

Sheria nayo ilikuwa imebadilika. Desemba 1991 Jaji Kevin Duffy wa New York aliamua dhidi ya Biz Markie na lebo zake kwa kutumia wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila idhini, akafungua hukumu kwa amri ya Biblia: usiibe. Tangu hapo kila kipande cha santuri kilihitaji ruhusa na malipo. Wachache wanaona kwamba hukumu ile iliwabana zaidi wachota pilau. Mwenye kuchomoa snea moja, akaikata na kuificha kati ya sauti nyingine, alikuwa mgumu kukamatika. Maprodyuza wa miaka ya 1990 walikatakata vipande vidogo zaidi na zaidi, na sanaa yao tunaisifu kwa ubunifu wake, lakini sehemu yake ilikuwa kukimbia mwanasheria. Njia aliyoipata Marl akitafuta utamu ikawa pia maficho.

Mwaka 2007 Marl na KRS-One walitoa albamu moja pamoja, Hip Hop Lives. Niliinunua halali, na karatasi yake niliisoma yote. Si albamu kubwa. Ila kuna raha ya kizee kuwasikia wakiwa upande mmoja, kama majirani waliopelekana mahakamani kwa mpaka wa shamba na sasa wanakunywa kahawa juu ya mpaka huohuo.

Hoja ya Marl kuhusu Eric B. Is President nimeiunga mkono kila nilipobishana na mashabiki wa Rakim: mwenye vidole aandikwe. Lakini hoja hiyo ina mkia. Impeach the President ilitayarishwa na mwimbaji Roy C, na Honey Drippers walioipiga walikuwa vijana wa sekondari kutoka mtaa wa Jamaica, ambao si kisiwa, ni mtaa wa Queens, maili chache kutoka kwenye sebule ile. Mmoja wao alikaa nyuma ya ngoma mwaka 1973, akafungua hai-hati kidogo, "tssi", akaifunga, na wala hakuitwa prodyuza.